UZI: Shamba la mteremko Vihiga – kabla hujachimba mtaro, funika udongo kwanza

MamaMteremko

Mulembe nyote. Nimesoma humu muda mrefu nikichota maarifa ya watu bila kurudisha. Leo naleta langu kwa sababu Februari inakatika, majembe yako shambani, na nikipita barabarani kutoka Chavakali kwenda Mbale naona miteremko imelimwa wazi kabisa, udongo mwekundu umeachwa unasubiri mvua iupige.

Shamba letu halifiki ekari moja, nalo limelala ubavuni mwa kilima. Ukiachilia chungwa kule juu kwenye mparachichi utalikuta mtoni. Huo mparachichi wenyewe mizizi iko nje, kuku wanajificha chini yake, na mama mkwe anasema alipoupanda aliuzika hadi shingoni.

Miaka mitatu iliyopita tulichangishana katika chama chetu tukachimba mitaro ya fanya juu. Majuma mawili ya jasho. Mistari tuliipima kwa macho. Ukingo wa udongo tuliutupa upande wa juu kama inavyotakiwa, lakini hatukupanda chochote juu yake, tukasema nyasi zitaota zenyewe. Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ilikuja usiku. Kulikuwa na sehemu moja ya mtaro iliyolegea chini kidogo kuliko kwingine, pengine upana wa kiganja tu. Maji ya mtaro mzima yalikimbilia pale, yakavunja ukingo, yakaangukia mtaro wa pili yakauvunja nao. Asubuhi nilikuta mfereji wa kufika gotini umechimbwa kutoka katikati ya shamba langu hadi kwenye maharagwe ya jirani wa chini. Maharagwe yake hayakuonekana. Juu yake kulikuwa na udongo wangu. Nilikwenda kumwomba radhi na jembe mkononi, tukafukua naye mpaka saa saba.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio. Kwanza nafunika, pili napanda nyasi kwenye mstari uliopimwa, na mtaro huja mwisho, pale tu unapohitajika kabisa.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe, na hakutumia kitabu. Nyumba yake ya udongo imepakwa chokaa. Alinizungusha nyuma, upande ambao ua unafagiliwa kila siku: ukuta una madoa mekundu hadi gotini. Akanileta upande wenye nyasi fupi: chokaa nyeupe mpaka chini. Mvua ni ile ile, paa ni lile lile. Akaniambia, "Hilo doa ndilo shamba lako linaloruka."

Na ndivyo ilivyo. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likikuta udongo mtupu huupasua, chembe zinaruka huku na huku, na zile laini zinaziba vitundu ambavyo maji yangepenya. Mvua ikikoma, guseni uso wa shamba muone: umekuwa kama umepigwa lipu. Maji yakikosa pa kuzama yanaanza kutembea, na kwenye mteremko hayatembei, yanakimbia. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kubomoa huongezeka mara nne. Kwa hiyo tunaposubiri kuyakamata maji mtaroni, tumeshachelewa. Yalipaswa kuzama pale pale yalipoangukia.

Sasa hivi nina mistari mitano ya nyasi ya nepia, desmodiamu inayotambaa chini ya mahindi, matandazo ya mabua na majani kwenye migomba na sukuma wiki, na viazi vitamu kipande cha chini kilicho kikali zaidi. Ulizeni, nitajibu nikirudi kukamua.

KijanaWaBoda

Mama, asante kwa kusema wazi. Niko Sabatia, nimeachiwa shamba la baba, mteremko kama huo wako. Lakini nina maswali matatu ambayo hunikera watu wakitaja matandazo. Mabua yangu yote anakula ng'ombe. Nikibakisha kidogo, mchwa wanamaliza. Na mistari ya nyasi inakula ardhi ambayo tayari haitoshi. Hapa kwetu mtu ana robo ekari na watoto wanne. Utamwambiaje apande nyasi?

JaNyakach

Naomba nami niseme kutoka huku chini, kwa sababu nyinyi wa juu mnaona udongo ukiondoka na sisi tunauona ukifika.

Wengi humu mmesikia habari za korongo la Katuk Odeyo, Nyakach, kaunti ya Kisumu. Mimi nimelelewa karibu na makorongo ya aina hiyo. Ukisimama ukingoni unaona tabaka za udongo kama keki, na chini kabisa mbuzi anaonekana mdogo. Udongo wetu wa huku ukilowa hauna mshiko, unayeyuka kama sukari. Maji yanashuka kutoka nyanda za juu yakiwa yameshapata mbio, yanafika kwenye ukingo wa korongo, yanaporomoka, yanakula chini, kisha kipande cha juu kinadondoka chenyewe. Kila msimu kichwa cha korongo kinapanda mlimani hatua kadhaa. Kimepita kwenye njia za watu, kimepita kwenye mashamba.

Na udongo huo hauishii hapo. Mto Nyando unaubeba, mwingine unatua uwanda wa Kano na kujaza mkondo, ndiyo maana mto unafurika Ahero hata pale ambapo zamani maji yangepita. Uliobaki unaingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Ukiwa ndani ya mtumbwi baada ya mvua unaona mstari kabisa, maji ya kahawia upande huu na ya ziwa upande ule. Mbolea yenu ya juu ndiyo inayonenepesha magugu maji yetu.

Tulijaribu kuzuia korongo kwa kuanzia mdomoni, mawe na magunia ya mchanga. Yalizolewa. Kilichosaidia kipande chetu ni kuanza juu ya kichwa cha korongo: tuligeuza maji yasiporomokee pale, tukazungushia miiba ng'ombe wasiingie, tukapanda nyasi na mkonge ukingoni. Msimu wa kwanza hatukuona kitu. Wa pili nyasi zilitambaa zenyewe hadi ndani. Ng'ombe ndiye adui mkubwa wa kazi hii, nasema nikiwa mfugaji.

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, mjadala mzuri. Naongeza historia kidogo, kwa sababu wazee wengi wakisikia neno "terasi" wanakunja uso, na wana sababu.

Wakati wa ukoloni kuzuia mmomonyoko kulikuwa kazi ya lazima. Watu walitolewa nyumbani wakachimbe mitaro, tena akina mama ndio waliobeba mzigo. Kule Murang'a mwaka 1947 wanawake walikataa katakata. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, sehemu nyingi mitaro iliachwa au ilibomolewa, ikaonekana ni alama ya mateso. Kanuni za matumizi ya ardhi za 1965 zikakataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani unaopanda mita 35 katika kila mita 100 za kwenda mbele. Nendeni mpime mashamba yetu ya Maragoli muone tungebaki na nini cha kulima. Kuanzia 1974 serikali iliendesha mpango wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Sweden, na 1981 ikaundwa tume ya rais ya uhifadhi wa udongo na upandaji miti. Wenye umri wangu wanakumbuka Rais Moi akijenga gabioni, vile vizuizi vya mawe yaliyofungwa kwa waya, kwa mikono yake, na sisi walimu tukiwapeleka wanafunzi kubeba mawe.

Kazi ilifanyika, sikatai. Lakini mkazo ulikuwa kwenye kuchimba, na alichosema Mama ndicho kilichokuwa kinakosekana. Mtaro ni wa kuonekana, mgeni akija anaoneshwa. Majani makavu yaliyotandazwa chini hayaoneshwi mtu.

Kwa wanaotaka kujua wanapoteza kiasi gani, kuna kipimo tulichofanya na darasa langu. Chukua msumari wa inchi 6, upitishe kwenye kizibo cha soda kilichotobolewa, uupigilie mpaka kizibo kiguse udongo. Weka kumi sehemu mbalimbali za shamba. Baada ya mvua za msimu, pima nafasi kati ya kichwa cha msumari na udongo wa pembeni. Ukikuta umeshuka milimita 1 tu, usidharau. Milimita 1 kwenye ekari ni mita 4 za ujazo za udongo, karibu tani 5. Hakuna mtu anayeweza kuangalia lori likipakia tani 5 shambani mwake akanyamaza.

Fundi_Mistari

Mimi nimewapimia watu wengi mistari, toka Emuhaya hadi Hamisi. Kosa la kwanza ni hilo la macho. Macho hudanganya sana kwenye mteremko, kwa sababu mlima wa nyuma unakuvuta. Fremu ya A haigharimu kitu.

Miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge juu ipatane. Mti wa tatu wa kama mita 1 uufunge katikati kukatisha, upate herufi A. Funga uzi pale juu, mwishoni uning'inize jiwe, uzi upite mbele ya ule mti wa katikati. Sasa usawazishe: piga mambo (vigingi) mbili, weka miguu ya fremu juu yake, weka alama mahali uzi unapokaa. Geuza fremu, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Chonga hapo kwa kisu, usitumie kalamu, mvua itafuta.

Anza ukingo mmoja wa shamba, tembeza fremu kukatiza mteremko, kila uzi unapokaa kwenye alama unapiga mambo. Mwishoni mstari utakuwa na kona za ajabu ajabu. Usiunyooshe ili upendeze! Unaruhusiwa kulainisha kona ndogo tu.

Umbali wa mstari hadi mstari: simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele sawasawa bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Pale macho yanapogonga ardhi ndipo mstari unaofuata. Kwa mtu wa urefu wa kawaida, macho yako kama mita 1.5 juu, kwa hiyo mteremko wa asilimia 20 utakupa mita 7 na nusu. Mteremko mkali zaidi, mistari inasogeleana yenyewe.

MamaMteremko

Fundi, laiti ningekufahamu mapema. Nimechonga alama kwa kisu kama ulivyosema, ya kwanza yangu ya kalamu ilifutika kweli.

KijanaWaBoda, nijibu maswali yako moja moja, maana hata mimi yalinikera.

Ardhi. Tumia hesabu ya Fundi. Mstari wa nyasi wenye upana wa nusu mita, kila mita 7 na nusu, unachukua sehemu moja kati ya kumi na tano. Lakini sehemu hiyo si ya kupotea, ndiyo chakula cha ng'ombe. Mimi zamani nilikuwa nanunua nepia kwa mzigo au nakwenda kukata kandokando ya barabara. Sasa nakata ndani ya shamba. Na sababu hiyo ndiyo inayojibu la mabua: ng'ombe akipata nepia, mabua yanabaki kuwa ya udongo. Si yote. Nagawana naye, yeye anapata majani na ncha laini, mimi nabaki na shina gumu ambalo hata hivyo analiacha horini.

Lakini usikate nepia mpaka chini wakati wa mvua. Bakiza visiki vya upana wa kiganja au zaidi, kwa sababu hivyo visiki vilivyosongamana ndivyo vinavyokamata udongo. Ukate pia kwa zamu, mstari mmoja leo na mwingine majuma yajayo, isije ikawa mlima mzima umenyolewa siku mvua inashuka.

Mchwa. Wanakula, ni kweli, na wanapenda mabua makavu kuliko kitu kingine. Nachanganya: mabua, magugu niliyong'oa kabla hayajatoa mbegu, majani ya migomba, matawi laini ya tithonia kutoka kwenye ua. Wakipata vikavu vya kutafuna wanaacha mahindi yaliyo hai. Na wanakochimba vishimo maji yanaingia, siwaoni kama maadui tena.

Jambo jingine, usizike mabua makavu ardhini wakati wa kupanda. Yakioza yanavuta naitrojeni na mahindi yanageuka manjano. Yaache juu. Yalaze kukatiza mteremko, kamwe yasielekeze ncha chini, la sivyo kila bua litakuwa mfereji mdogo. Sehemu kali zaidi nayashika kwa mambo fupi. Unene wa sentimita 5 hadi 10, na usisukume mpaka kwenye shina la mmea, acha nafasi ya kiganja, la sivyo shina linaoza na konokono wanahamia.

Na nikwambie ukweli, matandazo hayajawahi kunitosha shamba zima. Nayaweka penye migomba na mboga, na ukanda ulio juu tu ya kila mstari wa nyasi. Kwingine kote nafunika kwa mimea hai, maharagwe, viazi vitamu, na hiyo desmodiamu.

Subukia_Juu

Salamu kutoka Nakuru. Kwetu udongo ni wa majivu ya volkeno, mwepesi kama unga. Ukikauka unapeperuka, ukilowa unakatika. Kosa letu kubwa ni viazi. Watu wanapiga matuta kutoka juu kwenda chini ili maji yasituame na kuozesha viazi, wakati huo huo wameyatengenezea maji barabara. Halafu wakati wa kuvuna tunageuza shamba lote, linabaki limevurugwa na tupu, na mara nyingi mvua inalikuta hivyo.

Nimeanza kupiga matuta yakikatiza mteremko, na kila baada ya mita kadhaa naacha ukanda wa nyasi bila kulima. Sikupanda kitu. Nyasi ya kikuyu ilikuwa pale, nilichofanya ni kuacha kuing'oa. Inatambaa na kushika kama zulia, ila lazima uipunguze kwa jembe kila msimu la sivyo inavamia viazi. Nepia huku juu kwenye baridi haikui haraka kama yenu. Upande wa Njoro wanaolima ngano wana majani makavu mengi baada ya mavuno, nawaomba wasiyachome. Nikiona ule moshi roho inaniuma, ni blanketi la udongo linateketea.

MkulimaHamisi

Mama, nepia yangu ilidumaa, majani yakawa madogo ya manjano, ikafa mstari mzima. Mwanya ukabaki na maji yakapita hapo hapo. Nifanye nini?

MamaMteremko

Pole sana. Huo ni ugonjwa wa kudumaa, na sehemu zetu za magharibi umetusumbua kweli. Unaenezwa na mdudu mdogo anayeruka kutoka jani hadi jani, lakini sisi wenyewe tunauhamisha tunapobeba vipando kutoka shamba lenye ugonjwa. Ng'oa mashina yote yaliyougua pamoja na mizizi, usikate tu. Ukichukua vipando vipya, uende kuona mama yake kwanza. Shamba unalochukulia liwe limekatwa na kuchipua tena, kwa sababu ugonjwa huonekana vizuri kwenye machipukizi baada ya kukatwa. Pingili tatu tatu, mbili chini ya udongo, safu mbili zipishane kama meno ya msumeno ili maji yasipate mlango. Mwanya wowote uzibe wiki hiyo hiyo. Unaweza pia kupanda brakiaria, ni fupi, inasongamana vizuri na ng'ombe anaipenda.

Kuhusu desmodiamu, kwa wasioijua: ni ule mmea unaotambaa ambao watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita waliuleta kwa ajili ya kupambana na kayongo (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) na kiwavi wa bua, pamoja na nepia kandokando ya shamba. Mimi niliipanda kwa sababu ya kayongo. Faida ya kufunika udongo niliigundua siku moja nilipoinua majani yake baada ya mvua nikakuta chini kumelowa, kumelegea, na nyungunyungu juu juu. Hatua mbili pembeni, penye mahindi matupu, kokoto zilikuwa zimesimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo, kila kokoto na nguzo yake. Udongo wote uliokuwa kati yake umekwenda. Nilipiga magoti pale nikaangalia kwa muda mrefu.

Msimu wa kwanza ni mgumu, mbegu ni ndogo kama vumbi, inakua polepole na lazima upalilie kwa mkono. Changanya na mchanga unapopanda. Ikishashika, unapata vipando vya bure vya kugawia wengine.

Mwalimu_Mstaafu

Niongeze kidogo kwa Kijana aliyeogopa kuwa majani hayatatosha. Si lazima ardhi isionekane kabisa. Kilimo hifadhi huanza kuhesabu kufunika kuanzia asilimia 30 ya uso wa shamba, na faida inaanza kuonekana hapo. Kupima ni rahisi: kamba yenye mafundo 20, itandaze mshazari shambani, hesabu mafundo mangapi yako juu ya majani. Yakiwa 6, umefika 30. Rudia sehemu nne tano.

Na mitaro isitupwe kabisa. Maeneo yetu kuelekea Kakamega yanapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Penye maji yanayotoka barabarani au kwenye mabati ya shule hapo juu, nyasi peke yake haitayaweza. Yanahitaji mtaro wa kuyageuza, wenye mwinamo mdogo sana, na mahali pa kuyamwaga palipoota nyasi tayari.

JaNyakach

Hapo Mwalimu umegusa kidonda. Barabara inatengenezwa, kalvati inatoa maji yote shambani kwa mtu mmoja, kisha kila mtu anaenda zake. Makorongo mengi ya kwetu ukiyafuata hadi mwanzo utakuta njia ya ng'ombe au mdomo wa kalvati. Wenye vikao vya kata walisemee hili kabla ya mvua.

KijanaWaBoda

Nimerudi. Ni Aprili sasa, nilisema sitaandika mpaka nione kwa macho yangu.

Nilipima na fremu, nikapata mistari minne. Vipando vilinitosha miwili ya chini tu. Juu pamebaki kama alivyoacha baba. Nikapigilia misumari ya Mwalimu, mitano juu, mitano chini, watoto wakanisaidia kutafuta vizibo.

Juzi usiku ilinyesha ile mvua ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Nilitoka na tochi ikiwa bado inanyesha. Maji ya juu yalikuwa yanashuka ya rangi ya chai ya maziwa, yanafika kwenye nepia, yanasimama, yanatandaa pembeni, kisha yanapenya polepole kati ya mashina. Upande wa pili yanatoka meupe kidogo. Si masafi, lakini mkono wangu niliuona ndani yake.

Asubuhi nilikuta udongo umejikusanya nyuma ya mstari wa kwanza, kina cha vidole viwili. Mabua, mavi ya mbuzi, hata mbegu za maharagwe zilizosombwa kutoka juu zimekwama pale. Misumari ya juu mitatu vizibo vimeacha udongo, vinaning'inia. Ya chini sikuona tofauti.

Mistari miwili iliyobaki naipanda Jumamosi wakati ardhi bado imelowa. MamaMteremko, nitapita na pikipiki asubuhi mapema. Naomba uniwekee furushi moja la desmodiamu, na kama mama mkwe yupo ningependa anioneshe huo ukuta.

MamaMteremko

Yupo, na ameshaambiwa. Njoo kabla ya saa tatu, na ubebe gunia lililoloweshwa vipando visikauke njiani.